Kilo Ngapi za Kuitwa Mama?

Lugha yetu ina upole wa ajabu kwa mwanamke mnene, lakini upole wenyewe una masharti. Msichana akiongezeka kidogo baada ya kuolewa utasikia: kanawiri, kapendeza, ndoa imemkubali, mume anamtunza. Mama mkwe anapita mtaani kichwa juu. Haya, ngoja miaka mitatu ipite bila kilio cha mtoto mchanga ndani ya nyumba ile. Kilo ni zile zile, kanga ni zile zile, ila maneno yamegeuka. Sasa eti ni bonge. Eti mafuta yamezunguka kizazi. Eti kazi yake kula tu. Jamani, mwili mmoja unawezaje kuwa sifa ya mume, na baada ya miaka mitatu ukawa ushahidi wa kumshitaki mke?

Siulizi kama daktari. Mimi nimemaliza kidato cha nne, vitabu nasoma vya kuazima, na riwaya ninayoiandika imefika daftari la tatu. Lakini nadhani swali hili si la daktari peke yake. Daktari anaweza kutueleza uzito unafanya nini ndani ya mwili wa mwanamke. Hawezi, kwa udaktari wake tu, kutueleza sisi tumfanyie nini huyo mwanamke. Hayo ni maswali mawili, na wengi wetu tunayachanganya kama mchele na chuya. Tunasikia kwamba unene unaweza kusababisha mtu asipate mimba, tunaruka hapo hapo na kusema: basi kajitakia.

Sababu ni kitu kimoja na kosa ni kitu kingine. Mvua za masika ndizo sababu ya Jangwani kujaa maji, magari yakakwama na watu wakalala barabarani. Hakuna aliyewahi kuipeleka mvua kituo cha polisi. Ili tuseme kosa, lazima awepo mtu aliyejua, aliyeweza kufanya vingine, na aliyekuwa na wajibu wa kufanya vingine. Sasa tumtazame mwanamke wetu kwa vipimo hivyo vitatu, tusimwonee wala tusimdanganye.

Nasema tusimdanganye kwa sababu wapo wenzangu wanaodhani kumtetea mwanamke mnene ni kukana kila kitu: kwamba uzito hauhusiani kabisa na uzazi, ni maneno ya wenye chuki. Hapana. Unahusiana. Utetezi uliojengwa juu ya uongo huanguka siku ya kwanza mtu anapoingia chumba cha daktari.

Ukweli wenyewe haufanani na ule wa mtaani, hata hivyo. Mafuta hayazibi mirija ya uzazi kama taka zinavyoziba mtaro. Mirija huziba hasa kwa makovu yanayoachwa na maambukizi, yakiwemo magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa na uchafu unaoingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya wanawake kukosa mtoto. Na mirija ikiziba, haijali kama mwenye nayo ana kilo 45 au 110.

Uzito unafanya kazi kwa njia nyingine. Yai la mwanamke hupevuka kwa amri, na amri hiyo inaanzia kwenye ubongo na kufika kwenye ovari kwa homoni. Mafuta nayo hayakulala tu mwilini kama gunia la mpunga ghalani. Yanatengeneza homoni zake. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York walitangaza kuigundua mojawapo, leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta na kuupelekea ubongo habari za akiba iliyopo. Akiba ikipungua mno, ubongo unasitisha amri ya uzazi. Ni kama mama mwenye nyumba anayefunua debe la unga, akaona umebaki wa siku mbili, akasema wageni wasije kwanza.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1974, mwanasayansi mmoja mwanamke wa Chuo Kikuu cha Harvard, Rose Frisch, alikwisha kuandika kwamba msichana anahitaji kiasi fulani cha mafuta ili aanze kupata siku zake, na mwanamke anahitaji kiasi fulani ili ziendelee. Wataalamu wengine walibishana naye juu ya hesabu zake, lakini wazo la msingi, kwamba mwili wenye njaa huahirisha uzazi, limebaki. Wakimbiaji wa mbio ndefu na wacheza baleti wanalijua. Uholanzi wanalijua kwa uchungu zaidi. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walipozuia chakula kisifike kwenye miji ya magharibi ya nchi hiyo, mgawo wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miezi tisa baadaye idadi ya watoto waliozaliwa ilianguka vibaya.

Nikisoma mambo haya nawakumbuka Wazaramo, wenyeji wa huku kwetu Pwani. Hawakuwa na neno leptini. Walikuwa na chumba. Binti akivunja ungo aliwekwa ndani, zamani kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Alifundwa, hakutoka juani, hakutwanga wala kuteka maji kama wenzake, na alilishwa. Humo ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, akakilea kama mwanawe: akakiogesha, akakipaka mafuta. Siku ya kutolewa alitoka mwororo na amejaa, ngoma zikalia. Unene na uzazi viliwekwa chumba kimoja. Katika nchi ambayo njaa ya kiangazi ilikuwa jambo la kila miaka michache, huo haukuwa upuuzi hata kidogo. Wazee walikuwa wanajaza debe kabla ya mgeni.

Kisha ikaja miaka ya 1980 na ukimwi. Kule Uganda watu wa vijijini waliuita ugonjwa huo Slim, yaani wembamba, na ng'ambo ya mpaka, Kagera, wakazika hadi wakachoka. Kukonda kukawa ni kushukiwa. Wengi wetu tulizaliwa baada ya hapo lakini tumelelewa na watu wenye hofu hiyo, mama zetu wakitukuta tumepungua wanauliza kwa sauti ya chini, "Unaumwa?" Mimi mwenyewe tangu darasa la tano nimeitwa kimbaumbau, na nimenyweshwa uji wa kila nafaka. Kwa hiyo anayemwona mwanamke mnene wa Dar es Salaam akadhani ni ulafi tu, aelewe kwamba nyuma ya sahani ile kuna njaa ya bibi, kuna misiba ya miaka ya ukimwi, kuna sifa za mama mkwe. Na siku hizi kuna kazi ya kukaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, chipsi za bei nafuu kuliko matunda, na barabara ambayo mwanamke akikimbia mazoezi jioni anapigiwa miluzi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004 hadi 2005 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi; ule wa 2015 hadi 2016 ukakuta asilimia 28. Wanawake wote hao hawakufanya mkutano wakakubaliana kuwa wazembe.

Na uzito uliozidi unafanya nini? Hapa ndipo ghala linapofurika. Mwili unaanza kuidharau insulini, kongosho linaongeza insulini nyingine, na insulini ikizidi huzisukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Mayai yanaanza kukua, hayamalizi. Siku zinachelewa, zinaruka miezi. Kuna hali moja inayofanana na hiyo ambayo madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliieleza mwaka 1935, na leo inajulikana kwa herufi PCOS: ovari zimejaa vijifuko vidogo vya mayai yaliyokwama njiani. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anayo, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 yao hawajapimwa wakaambiwa. Wapo wembamba wenye hali hiyo pia. Lakini sikiliza jambo hili, kwa sababu ndilo linaloivuruga kesi nzima: hali yenyewe inarahisisha mtu kunenepa. Unene unaiongezea nguvu hali, hali inaongeza unene. Unayemwambia "umenenepa ndiyo maana huzai" pengine ungepaswa kumwambia kwamba alinenepa na kukosa mtoto kwa sababu moja, ambayo hakuichagua.

Habari njema ni kwamba mwenye hali hiyo akipunguza sehemu ndogo tu, tuseme kilo 5 hadi 9 kwa mtu wa kilo 90, mayai mara nyingi huanza tena kupevuka. Ndiyo maana ushauri wa kupunguza uzito si matusi. Ni ushauri mzuri. Zipo pia dawa za kuyapevusha mayai: utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2014, wa wanawake 750 wenye PCOS, ulionyesha kwamba waliopewa letrozole walipata watoto zaidi, asilimia 27.5, kuliko asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni iliyozoeleka.

Inabaki ile tiba kubwa, ya kurutubisha yai nje ya mwili na kupandikiza mimba, IVF. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Huku kwetu ilifika baadaye: Kampala walipata mtoto wao wa kwanza mwaka 2004, Nairobi 2006. Mwanamke mwenye uzito mkubwa akifika kwenye tiba hii, mara nyingi anahitaji dawa nyingi zaidi kuchochea mayai, uwezekano wa mimba kutunga ni mdogo kidogo, wa mimba kuharibika ni mkubwa kidogo, dawa ya usingizi inahitaji tahadhari, na mimba ikishika kuna shinikizo la damu, kisukari cha ujauzito na upasuaji. Mwembamba kupita kiasi naye ana yake, hasa kuzaa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Sikufichi kitu, msomaji.

Sasa basi. Kwa sababu hizo zote, sehemu nyingi duniani zimeweka lango. Uingereza, mwongozo wa taifa wa mwaka 2004, uliorekebishwa 2013, unataka mwanamke aelezwe kwamba BMI ya kati ya 19 na 30 ndiyo inayofaa kabla ya kuanza tiba. Uliandikwa kama maelezo. Mikoa mingi ikaugeuza sharti. Nyuzilandi, anayetaka tiba hiyo kwa fedha za serikali asizidi 32. Hesabu yake ni rahisi: kilo zako gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa mita 1.60 mwenye kilo 76 anapita Uingereza. Akifikisha 77, hapiti.

Kilo moja! Lita moja ya maji ina kilo moja. Hebu tukiulize kipimo chenyewe kilizaliwa wapi. Aliyekianzisha, miaka ya 1830, ni Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa nyota na takwimu, ambaye hakuwa daktari. Alikuwa anamtafuta "mtu wa wastani", na watu aliowapima walikuwa Wazungu wa zama zake. Jina la BMI kilipewa mwaka 1972 na Ancel Keys, Mmarekani, aliyekiona kinafaa kwa kupima makundi ya watu. Hakijui mafuta yako yako tumboni au kwenye nyonga, na hiyo ni tofauti kubwa kiafya. Hakijui msuli wala mfupa. Kwa kuhesabu taifa kinafaa. Kumwambia Mwajuma wa chumba namba nne arudi nyumbani ni kazi nyingine.

Wanaolitetea lango wana hoja tatu, na si hoja za kijinga. Ya kwanza, usalama wake na wa mtoto. Ya pili, fedha za umma ni chache, wapewe wenye matumaini makubwa. Ya tatu, sharti humpa mtu nguvu ya kupungua.

Nianze na usalama. Mwanamke wa kilo 95 akipata mimba chumbani kwake bila msaada wa mtu, akaja kliniki ya wajawazito, anapokewa, anapimwa presha, anapewa kadi, anaangaliwa kwa makini zaidi. Hakuna nesi anayemwambia ungepungua kwanza. Jirani yake, kilo 95 pia, hatari zile zile, anahitaji msaada ili apate mimba hiyo hiyo. Yeye anaambiwa asubiri. Tofauti kati yao si hatari. Tofauti ni kwamba wa pili amelazimika kuomba. Mwenye kuomba tunajipa haki ya kumpima tabia, kama tunavyofanya kwa ombaomba wa barabarani: tunamuuliza kwanza hela atazitumiaje. Nakubali ipo hatari iliyo kubwa mno, ambapo daktari wa usingizi mwenyewe atasema hapa sithubutu. Huyo namwelewa, ni mtaalamu anayesema juu ya mgonjwa aliye mbele yake. Hoja yangu ni juu ya namba iliyobandikwa mlangoni.

Hoja ya fedha nayo inayumba. Kama kweli tunatazama matumaini, basi umri una uzito kuliko uzito wenyewe. Mwanamke wa miaka 28 mwenye kilo nyingi ana matumaini mazuri ya IVF kuliko mwembamba wa miaka 41. Na kumwambia mtu wa miaka 36 asubiri mpaka apungue ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine, maana baada ya 35 mayai yanapungua kwa kasi, na mwaka mmoja wa kukimbia uwanjani hauyarudishi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nitafute sana, kwa sababu ilinivutia. Labda kweli, nikasema, mtu akijua mtoto yuko ng'ambo ya kilo kumi, atazivuka. Jibu nililikuta kwa Waholanzi wale wale wa njaa ya 1944. Mwaka 2016 walitangaza matokeo ya utafiti wa wanawake 577 wanene waliokuwa wanatafuta mtoto. Nusu waliingizwa kwanza kwenye mpango wa miezi sita wa chakula, mazoezi na ushauri, ndipo watibiwe. Nusu walitibiwa moja kwa moja. Kundi la kwanza lilipungua wastani wa kilo 4.4, la pili, 1.1. Baada ya miezi 24 wakahesabu waliojifungua kwa njia ya kawaida mtoto mmoja mzima aliyetimiza miezi. Waliotangulizwa kwenye mazoezi: asilimia 27.1. Waliotibiwa moja kwa moja: asilimia 35.2.

Soma tena tarakimu hizo. Waliosubirishwa hawakupata zaidi. Walipata pungufu.

Lakini nisifanye ujanja wa wakili. Katika utafiti huo huo, waliopewa mpango wa kupungua walishika mimba bila tiba yoyote kwa wingi zaidi, asilimia 26.1 dhidi ya 16.2. Kwa mtu asiye na hela ya IVF, hilo ni jambo kubwa. Na Marekani, utafiti mwingine uliotangazwa mwaka 2022, wa wanawake 379, haukuona tofauti ya maana katika watoto waliozaliwa wazima kati ya waliopungua uzito na waliofanya mazoezi tu. Kwa hiyo kupungua kuna faida kwa mwili wa mwanamke, na kwa baadhi kunafungua njia ya mimba. Kinachokosa ushahidi ni kumzuia asitibiwe mpaka apungue. Ushauri una haki, lango halina. Nadhani ningeandika hivyo hata kama ningekuwa mnene mwenyewe, au hata ningekuwa daktari.

Na ushauri wenyewe uwe ushauri. Ninaye dada, mtoto wa mama mkubwa. Nisimtaje jina, wala hospitali aliyokwenda nisiitaje. Alikuwa na miaka 35. Alichukua ruhusa kazini, akapanga foleni kuanzia alfajiri, akaingia. Alikaa ndani, kwa hesabu yake mwenyewe, chini ya dakika tano. Aliambiwa apunguze kilo 15 ndipo arudi. Hakupimwa damu, hakupigwa picha ya tumbo, hakuulizwa siku zake zinakwendaje. Hakuambiwa apunguze kwa njia gani. Alipotoka nikamuuliza, dada, wamesemaje? Akanijibu, "Mdogo wangu, wamesema mimi ndio ugonjwa."

Akaanza kushinda njaa. Akanunua chai ya majani fulani inayouzwa kwenye mabasi, akaharisha wiki mbili. Alipungua kilo sita, siku zake zikazidi kuvurugika, akakata tamaa, zikarudi kilo nane. Siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito ambazo zinafanya kazi kweli, lakini bei yake si ya mtu wa daladala, na anayetumia ile ya semaglutide anatakiwa aiache angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Hayo nayo hakuna aliyemwambia.

Halafu shemeji. Shemeji yangu ni mtu mwema, simsemi vibaya. Ila ana kitambi. Na katika Kiswahili chetu kitambi cha mwanamume hakina ugonjwa, kina cheo. Mwenye kitambi ni bosi, anapishwa kiti. Wakati kitambi hicho hicho kinapunguza homoni ya kiume na kinaweza kuharibu mbegu. Na katika ndoa zinazokosa mtoto, takriban nusu mwanamume naye ana tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na ugumu wa kupata mtoto katika maisha yake. Lilisema mtu. Sisi tuna neno mgumba ambalo lingefaa wote, lakini likitamkwa mtaani kila shingo inageukia kwa mwanamke. Katika miaka yote hiyo dada alipandishwa kwenye mizani na mama mkwe, mawifi, majirani, daktari. Shemeji hakupandishwa na mtu.

Turudi kwenye vile vipimo vitatu vya kosa. Alijua? Aliambiwa tangu utoto kwamba kunawiri ndiyo afya. Aliweza kufanya vingine? Kidogo, kwa kazi ile, kwa mshahara ule, kwa mwili ule wenye hali ambayo haijapimwa. Alikuwa na wajibu? Hapo ndipo naona mwenye swali zito zaidi, na sitalikwepa: wapo wanaosema mwanamke ana wajibu kwa mtoto ambaye hajatungwa, amwandalie mwili ulio salama. Nakubali kwamba upo wajibu wa namna hiyo, kama ulivyo wajibu wa kuacha pombe. Lakini wajibu kwa asiyekuwepo haumpi jirani rungu. Wala haumpi daktari ruhusa ya kutoa maagizo bila kutoa msaada. Anayeniambia nina wajibu wa kuvuka mto, na daraja liko mikononi mwake, naye ana wajibu.

Kuna jambo linatuhusu sisi tunaoandika. Angalieni hadithi zetu, zile tunazoletewa hapa jaridani na zile za magazeti ya mitaani. Mhusika mnene ni kichekesho: anavunja kiti, anamaliza pilau. Mhusika mgumba ni mchawi, au malaika anayepewa mimba ukurasa wa mwisho kwa sababu amevumilia. Sijawahi kukuta mwanamke mnene na mgumba ambaye ana akili zake, anacheka na wenzake, anadai haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa, na hadithi ikaisha bila mtoto wala maangamizi. Katika daftari langu la tatu ninaye mmoja. Nimempa kazi ya keshia wa stendi ya mabasi, kilo 92, na ulimi mkali. Sura ya hospitali imenishinda kwa muda, kwa sababu nataka daktari wake asiwe shetani. Madaktari wenyewe wanapanga wagonjwa themanini kwa siku. Nataka awe mtu aliyechoka, mwenye namba kichwani, na mbele yake amekaa mtu asiyetosha ndani ya namba.

Dada yangu sasa ana miaka 37. Nilimpelekea orodha niliyoiandika kwenye karatasi ya daftari hilo hilo: kipimo cha homoni, kipimo cha sukari, picha ya ovari, picha ya mirija, na mstari wa mwisho, mbegu za shemeji. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia kwenye pochi. Mwezi uliopita nilisikia kwa mama mkubwa kwamba wamekwenda wote wawili, hospitali nyingine, na shemeji naye amepima. Majibu hawajanieleza, na mimi sijauliza.